Trekta na pawatila kugoma kuwaka asubuhi za baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila sakitu inapoanza kuanguka, maswali huwa yaleyale. Majibu haya ni kwa wenye matrekta madogo ya dizeli na pawatila (trekta za mkono za magurudumu mawili) kwenye maeneo ya juu: Makete, Njombe, Mufindi, Kinangop, Mau Narok, Timboroa na kwingine kote ambako kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe. Mifano mingi ni ya Massey Ferguson 135 na 240 kwa sababu ndiyo yamejaa mashambani, ila kanuni ni zilezile kwa dizeli nyingine za umri huo. Mashine za petroli zimejibiwa kwenye swali la 23.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini trekta langu linawaka vizuri mchana, asubuhi linagoma?

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Pistoni inaibana hewa mpaka ujazo wake unapungua mara 16 hadi 22, hewa inapata moto wa mamia ya nyuzi, nozeli inapuliza dizeli, nayo inashika. Asubuhi ya baridi chuma cha silinda kinalinyonya joto hilo kabla dizeli haijafika. Wakati huohuo oili imekuwa nzito na betri imepungua nguvu, kwa hiyo injini inazunguka polepole. Ikizunguka polepole, hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi, na joto linazidi kupungua.

Sisi wa milimani tuna jambo la nne, nalo husahaulika. Kwenye mita 2,500 kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Silinda inameza hewa pungufu, hivyo hata ikibanwa vizuri kiasi gani, kinachobanwa ni kidogo. Ndiyo maana trekta lililokuwa likiwaka kwa mguso mmoja kule tambarare ya Mbarali, likipandishwa Makete linaanza kusumbua ingawa hakuna kilichoharibika njiani.

2. Baridi mbaya zaidi kwa injini huja miezi gani?

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ni Juni hadi Agosti. Kenya inawachanganya wengi: Julai ni baridi ya mawingu, lakini sakitu yenyewe huanguka zaidi Januari na Februari, usiku ukiwa hauna wingu na ardhi ikipoteza joto lote. Kwa hiyo betri na oili ziangaliwe Mei kwa wa Njombe, na Desemba kwa wa Nyandarua. Ukisubiri siku ya kulima, umechelewa.

3. Likigoma, nianze kuangalia wapi?

Anza na sikio na jicho, usianze na spana. Piga stata kwa sekunde kumi huku mtu mwingine akitazama bomba la moshi.

Injini ikizunguka kwa uvivu, tatizo liko kwenye betri, waya, stata au oili. Nenda swali la 6 hadi la 10. Ikizunguka kwa kasi na hakuna moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda: nenda swali la 13. Ikizunguka kwa kasi na kutoa moshi mweupe au wa kijivu, dizeli inafika ila haishiki: nenda swali la 15. Moshi mweusi wakati wa kuwasha ni dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba vumbi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakinunua nozeli tatu mpya wakati tatizo lilikuwa waya wa ethi wenye kutu. Nozeli ni hela nyingi. Kutazama moshi ni bure.

4. Utaratibu sahihi wa kuwasha asubuhi ya baridi ni upi?

Hakikisha gia iko huru, na shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine imetolewa. Sukuma ndani kitufe cha kuzimia. Usicheke, asubuhi nyingi hupotea kwa kitufe kilichoachwa nje tangu jana jioni. Vuta kishikio cha mafuta cha mkono hadi nusu au zaidi. Kama injini ina hita, geuza ufunguo kwenye alama ya hita na ushikilie sekunde 15 hadi 20. Kisha kanyaga klachi mpaka chini, ndipo upige stata.

Klachi ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bila kuikanyaga, stata inazungusha injini pamoja na shafti zilizolala ndani ya oili ya gia, ambayo asubuhi ni nzito kama asali. Ukiikanyaga, mzigo huo wote unaachwa nyuma.

Likiwaka, shusha mafuta na uliache lingurume taratibu kwa dakika chache kabla ya kupakia mzigo. Usilipigishe kelele ili lipate moto haraka. Oili bado haijafika kila mahali.

5. Nipige stata kwa muda gani?

Sekunde 10 hadi 15, kisha pumzika dakika moja au mbili. Stata inavuta umeme mwingi sana na haina feni ya kuipoza. Ukiishikilia nusu dakika mfululizo unapika koili zake na kuimaliza betri kwa pamoja.

## Injini inazunguka kwa uvivu, au haizunguki

6. Betri ni mpya. Mbona stata inazunguka kwa shida?

Mara nyingi kosa liko njiani kati ya betri na stata. Fungua vichwa vya betri, vikwangue mpaka ving'ae, ukaze tena. Kisha ufuate waya wa ethi mpaka unapofungwa kwenye bodi. Hapo ndipo penye siri: rangi, matope na kutu vinajikusanya chini ya bolti, umeme unapita kwa kubanwa. Mchana injini ikiwa laini huoni tofauti. Asubuhi stata ikihitaji nguvu zaidi, waya unashindwa.

Kipimo kisicho na gharama: piga stata sekunde kumi, zima, kisha gusa kila kiungo kwa mkono. Kiungo kilichopata moto ndicho kibovu. Angalia pia unene wa waya. Waya wa betri ya gari dogo, au uliounganishwa katikati kwa kusokotwa, hautoshi kwa trekta hata ukiwa mpya.

Kama viungo vyote ni vizuri na betri imejaa (swali la 7), fungua stata. Kaboni zikiisha au bushi zikilika, mhimili wa ndani unagusa pembeni na kuburuza. Kubadilisha bushi na kaboni ni kazi ya saa chache kwa fundi umeme, na haifanani na bei ya stata nzima.

7. Nitajuaje kama betri imechoka?

Pima asubuhi kabla ya kugusa chochote, betri ikiwa imelala usiku mzima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebakiza robo. Kisha acha mita imeunganishwa, mtu apige stata. Ikishuka chini ya 9.6, betri haina uwezo hata kama namba ya kwanza ilikuwa nzuri.

Kumbuka pia kwamba betri yenyewe inaumwa na baridi. Kwenye nyuzi 0, betri nzuri kabisa inatoa kama theluthi mbili tu ya nguvu inayotoa siku ya joto. Betri iliyokuwa "inatosha kidogo" mwezi Machi haitatosha Julai. Ukiweza, ifungue jioni uilaze ndani ya nyumba, mbali na moto wa jikoni kwa sababu betri hutoa gesi inayowaka. Wazee wengi wa Kinangop wanafanya hivyo, na wana sababu.

8. Oili gani inafaa milimani?

Fuata kitabu cha mashine kwanza. Kwa injini nyingi za dizeli za aina hii, 15W-40 ya dizeli ni chaguo salama. Tatizo ninalolikuta ni oili ya namba moja, ile 40 tupu, ambayo inauzwa kwa bei nafuu madukani. Kwenye joto haina shida, lakini asubuhi ya sakitu inakuwa nzito na stata inahangaika. Herufi W inaonyesha oili imepimwa kwa baridi, na namba iliyo kabla yake ikiwa ndogo oili inatiririka kwa urahisi zaidi. Oili iliyopitiliza muda wake ikajaa masizi nayo huwa nzito, hata kama namba yake ni sahihi.

9. Nikigeuza ufunguo nasikia "ka" moja tu, au kimya kabisa.

"Ka" moja ni betri dhaifu, kiungo kichafu (swali la 6), au solenoidi (swichi ya sumaku) ya stata iliyoungua meno ya ndani. Kimya kabisa, angalia swichi ya usalama: matrekta mengi hayapokei stata mpaka gia iwe huru, na swichi hiyo huingia maji na matope. Tikisa gia, irudishe pale pa huru, ujaribu tena. Ikikubali, safisha swichi hiyo. Usiiunganishe waya moja kwa moja, kwa sababu iliyoelezwa kwenye jibu linalofuata.

10. Fundi wetu huligusisha stata kwa spana likawaka. Nami nifanye hivyo?

Usifanye. Naliandika hili kwa uzito wote nilionao.

Ukigusisha spana kwenye stata unairuka swichi ya usalama. Trekta likiwa kwenye gia, injini ikishika tu linaondoka, na wewe umesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Hakuna mtu anayekimbia kasi hiyo. Watu wamekufa hivyo katika nchi zote zenye matrekta, na wengi wao walikuwa wazoefu walioshafanya hivyo mara mia. Dizeli ya baridi inaongeza hatari, maana inaweza kukaa kimya kwa mizunguko mingi, ukadhani imegoma, kisha ikashika ghafla. Washa ukiwa umekaa kwenye kiti. Kama ufunguo haufanyi kazi, tengeneza ufunguo.

11. Naweza kuazima umeme wa gari au lori?

Gari la volti 12, ndiyo. Chanya kwa chanya kwanza. Kisha hasi ya gari uifunge kwenye chuma kitupu cha trekta, mbali na betri, ili cheche isiwe karibu na gesi. Acha gari lingurume dakika tano kabla ya kujaribu.

Malori mengi ni ya volti 24. Ukiunganisha mfumo mzima wa lori unaweza kuunguza taa, altaneta na stata, na betri inaweza kulipuka. Kama hakuna gari jingine, fungua betri moja ya lori, uitoe kabisa, uitumie peke yake: hiyo ni ya volti 12.

Ukiwa na trekta la zamani sana, tazama kwanza ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Ferguson za mwanzo zilifungwa chanya.

## Inazunguka vizuri lakini haiwaki

12. Nifungue nini kwanza?

Usifungue chochote. Rudi swali la 3, tazama moshi, kisha chagua swali la 13 au la 15.

13. Hakuna moshi kabisa hata nikipiga stata mara nne.

Dizeli haifiki. Kama kitufe cha kuzimia kimesukumwa na tangi lina mafuta, shuku hewa kwenye mabomba. Dalili yake inajulikana: jioni lilizimwa vizuri, asubuhi linazungushwa mpaka betri inalegea, ukisukuma mkono wa pampu ndogo (ile inayovuta dizeli kutoka tangini) mara kadhaa linawaka, na siku nzima halisumbui. Maana yake usiku dizeli ilirudi kwenye tangi na hewa ikachukua nafasi yake.

Tafuta inapoingilia. Huwezi kuiona kwa kutafuta mvujo wa mafuta, kwani mahali panapofyonza hewa panaweza kuwa pakavu kabisa. Kagua mpira wa kikombe cha chujio, washa (pete bapa) za shaba zilizotumika mara nyingi, bomba la mpira lililopasuka nywele nywele, na nati za kati ya tangi na pampu ndogo. Washa za shaba ni za bei ndogo sana. Kila ukifungua kiungo, weka mpya.

14. Hewa inatolewaje?

Legeza skrubu ya juu ya chujio la dizeli, usukume mkono wa pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila mapovu, ukaze. Kama mkono huo hauna nguvu, haujaharibika: zungusha injini kidogo, kwa sababu kamu ya ndani ilikuwa imeusimamisha. Hamia kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenda kwenye nozeli. Pampu ya CAV DPA iliyo kwenye Massey nyingi ina skrubu mbili za kutolea hewa, na zote zinahitaji kufanyiwa hivyohivyo. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke, ukaze, uwashe.

Safisha eneo lote kwa brashi kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye pampu ya nozeli, gharama yake utaikumbuka. Na usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka kwenye nozeli: msukumo wake unatoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

15. Moshi mweupe unatoka mwingi, lakini haishiki.

Hii ndiyo habari nzuri kuliko zote. Dizeli inafika, kinachokosekana ni joto. Kwanza hakikisha mzunguko una kasi ya kutosha (swali la 6 hadi la 8), kwa sababu kasi ndiyo joto. Pili angalia hita.

Injini za Perkins za silinda tatu zilizo kwenye Massey 135 na 240 zina hita ndogo iliyochomekwa kwenye manifoldi ya hewa. Inapata umeme, inapata matone ya dizeli kutoka kikombe kidogo au bomba jembamba, na inatengeneza mwali unaopasha hewa inayoingia. Kwenye matrekta mengi niliyoyafungua, bomba lake limezibwa kwa bolti na waya wake umekatwa. Pengine lilikuwa tambarare, hita ikaonekana haina kazi. Likija milimani, linagoma, na lawama zinaenda kwa nozeli.

Injini nyingine hazina hita ya manifoldi bali hita plagi, moja kwa kila silinda. Moja ikiungua, silinda ile inatoa moshi mweupe na injini inatetemeka dakika za mwanzo mpaka ipate moto.

16. Nitaipimaje hita?

Mtu ashikilie ufunguo kwenye alama ya hita, wewe uweke taa ya kupimia kwenye waya wake. Taa isipowaka, tatizo ni waya au swichi. Ikiwaka, subiri sekunde 20, kisha sogeza mkono karibu na manifoldi bila kuishika. Ikiwa ni baridi, hita imeungua. Ikiwa ina moto lakini injini bado haishiki, legeza bomba jembamba uone kama dizeli inashuka. Mara nyingi kikombe kimekauka au bomba limeziba uchafu.

17. Dizeli inaweza kuganda kwa baridi ya kwetu?

Kuganda kama barafu, hapana. Ila dizeli ina nta ndani yake, na ikipoa vya kutosha nta hiyo hujitokeza kama ukungu na kuziba chujio. Dizeli inayouzwa Afrika Mashariki haijaandaliwa kwa majira ya theluji. Usibishane na mtu kuhusu hili, pima. Jaza dizeli kwenye chupa safi ya kioo, iache nje usiku wa sakitu, itazame alfajiri. Ikiwa angavu, nta si tatizo lako. Ikiwa na ukungu ambao unapotea jua likipanda, umepata jibu: laza trekta chini ya banda, na ubadilishe chujio kabla ya msimu wa baridi.

Chupa hiyohiyo itakuonyesha na maji, ambayo hukaa chini yakiwa yametengana. Tangi lililoachwa nusu tupu usiku hupata jasho ndani, na matone yanashuka. Jaza tangi jioni baada ya kazi badala ya asubuhi, na kila wiki mwaga kikombe cha chini ya chujio.

18. Nichanganye mafuta ya taa ili isiweke nta?

Mafuta ya taa kweli huichelewesha nta. Lakini pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Unaokoa asubuhi moja, unakula pampu polepole. Kwa baridi yetu sioni sababu ya kufanya hivyo. Kuna uwezekano pia kwamba umeshauziwa mchanganyiko bila kujua: uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Kenya iliweka tozo maalumu kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzuia.

## Njia za mkato

19. Etha ya kopo, petroli kwenye chujio la hewa, kitambaa chenye moto: ipi ni salama?

Hakuna. Etha inalipuka mapema kabla pistoni haijafika juu, na inaweza kuvunja ringi au kupinda koni rodi. Injini yenye hita haitakiwi kupewa etha kabisa, kwani inakutana na moto ndani ya manifoldi na kulipuka usoni mwako. Petroli ni hivyohivyo. Kitambaa chenye moto kikifyonzwa ndani kinapeleka masizi na nyuzi kwenye valvu.

20. Je, kuwasha moto chini ya injini, au kumwagia maji ya moto?

Moto chini ya injini yenye mafuta na oili iliyodondoka miaka kumi ni kucheza na banda zima. Maji yana nafasi yake: mwaga maji ya rejeta jioni, asubuhi jaza ya uvuguvugu mkali, subiri dakika kumi, uwashe. Yawe yanayovumilika kwa mkono, si yanayochemka, maana chuma cha baridi hupasuka kikishtuliwa. Kwenye pampu ya nozeli usimwage maji ya aina yoyote. Nafasi zake za ndani ni finyu mno, sehemu moja ikitanuka kabla ya nyingine inakwama.

21. Kulivuta au kuliachia mteremkoni kuna ubaya?

Kunaruhusiwa kwa tahadhari. Tumia gia ya juu, si ya kwanza, uachie klachi taratibu likiwa limeshashika mwendo. Jaribu breki kabla ya kuachia, asiwepo mtu mbele, na anayevuta na anayevutwa wakubaliane ishara. Wengi Njombe hulaza trekta kwenye kilima makusudi. Ila kama unafanya hivyo kila siku, kuna swali hapo juu hujalijibu.

## Pawatila

22. Hendeli ni nzito mno asubuhi. Nifanyeje?

Pawatila nyingi, zikiwemo nyingi zilizoingia Tanzania baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza ya 2009, zina injini ya silinda moja iliyolala, yenye hopa ya maji juu na kishikio cha kuachia kompresheni. Vuta mafuta hadi alama ya kuwashia. Inua kishikio kwa mkono wa kushoto, zungusha hendeli polepole mizunguko kumi au zaidi mpaka usikie nozeli ikilia "krik" na oili ianze kulegea. Ndipo uzungushe kwa kasi yote, na kasi ikishafika uachie kishikio bila kuacha kuzungusha.

Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Injini ikirudi nyuma, hendeli itakupokonya mpini. Gumba likiwa limezunguka, litavunjika pamoja na kifundo.

Kwa mashine hizi maji ya uvuguvugu kwenye hopa ni dawa bora kuliko zote. Mwaga maji jioni za sakitu, ujaze ya uvuguvugu asubuhi. Isipowaka hata hivyo, tazama moshi kama trekta.

## Yasiyo ya kawaida

23. Mashine yangu ya kukata nyasi ni ya petroli. Majibu haya yanaihusu?

Ya betri na oili, ndiyo. Mengine hapana. Funga choki yote, jaribu mara tatu au nne, kisha toa plagi. Ikiwa imelowa, umezidisha petroli: ikaushe, fungua choki, zungusha bila plagi, urudishe. Ikiwa kavu, petroli haifiki, na mara nyingi ni iliyokaa miezi ndani ya kabureta ikaacha utando. Mwaga ya zamani kabla ya kufungua kitu kingine.

24. Asubuhi linawaka vizuri. Nikilizima likiwa na moto ndipo linagoma.

Hilo si la baridi, ni kinyume chake. Stata ikiwa mvivu wakati wa moto, ni bushi zake (swali la 6). Stata ikiwa na kasi na hakuna moshi, shuku pampu ya nozeli iliyolika ndani: dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja ndani ya pampu na haifikii nguvu ya kufungua nozeli kwa kasi ya stata. Kama baada ya kupoa kwa nusu saa linawaka lenyewe, pampu ipelekwe kwa fundi mwenye benchi la kuipimia.

25. Niko Canada, trekta la bustani nalitumia kusukuma theluji. Kunafika nyuzi 20 chini ya sifuri.

Huko mambo manne hayana mjadala. Tumia dizeli ya majira ya baridi, ukiinunua baada ya vituo kubadilisha, si ile iliyobaki tangu kiangazi. Weka hita ya bloku ya kuchomeka umeme, uiwashe saa kadhaa kabla. Tumia oili ya namba ndogo kabla ya W kama kitabu kinavyoelekeza, kwa mfano 5W. Betri iwe kwenye chaja wakati wote: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabakiwa na kama asilimia 40 ya nguvu, na iliyoisha chaji huganda na kuvimba. Betri iliyoganda usiichaji wala usiiazimie umeme mpaka iyeyuke ndani ya nyumba, na ikiwa imepasuka itupwe panapostahili.

26. Nimefanya yote. Nitajuaje kwamba injini yenyewe imechoka?

Baada ya kuwaka na kupata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Pumzi ndogo ni kawaida. Moshi unaosukuma kwa mapigo, pamoja na oili inayopungua kila wiki na moshi wa bluu kwenye bomba, ni ringi na silinda zilizolika. Fundi athibitishe kwa kipimo cha kompresheni kwenye kila silinda, injini ikiwa na moto, na akuandikie namba zote. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, huenda ni valvu au gasketi ya hedi tu, kazi ndogo zaidi. Zote zikiwa chini kwa pamoja, panga bajeti ya ringi na silinda kabla ya msimu ujao wa kulima, na kwa sasa endelea na maji ya uvuguvugu ya swali la 20.